Mgawanyo wa Jukumu la Wakati katika Violesura vya Laini ya Mfululizo vya PDP-8 na PDP-11, na Athari Zake katika Urejeshaji wa Minikompyuta

Ikisiri

Makala haya yanaeleza namna violesura vya laini ya mfululizo vya minikompyuta za PDP-8 na PDP-11, zilizotengenezwa na kampuni ya Digital Equipment Corporation (DEC) ya Marekani, vilivyogawa jukumu la kutunza wakati baina ya maunzi, programu na kifaa kilicho upande wa pili wa waya. Hoja kuu ni kwamba kiolesura cha aina hii hakikamiliki kwa kulinganisha volteji na kasi peke yake. Kina pia mapatano kuhusu nani anayemsubiri nani. Kwa kuchunguza biti moja ya rejista ya hali katika kiolesura cha DL11, inaonyeshwa kwamba mapatano hayo yakivunjwa wakati wa urejeshaji, herufi hupotea bila mashine kutoa dalili yoyote.

1.0 Utangulizi

DEC ilianza kuuza PDP-8 mwaka 1965 na PDP-11 mwaka 1970. Mashine hizi zilitofautiana sana kwa ndani. Ya kwanza ilitumia maneno ya biti 12, na ya pili maneno ya biti 16. Hata hivyo, zilifanana katika jambo moja: mtumiaji alizungumza nazo kupitia laini ya mfululizo, yaani jozi chache za waya ambamo biti hupita moja baada ya nyingine. Mwanzoni, katika ncha ya pili ya waya hizo kulikuwa na mashine ya Teletype Model 33 ASR, ambayo ilikuwa na baobonye, mtambo wa kuchapa, kitoboa utepe wa karatasi na kisomaji cha utepe huo. Baadaye zilifuata terminali kama vile LA36 ya mwaka 1974 na VT100 ya mwaka 1978.

Leo minikompyuta hizi hurejeshwa katika hali ya kufanya kazi na makumbusho pamoja na watu binafsi. Kwa kuwa Teletype ni adimu na zina sehemu nyingi zinazochakaa, mrejeshaji mara nyingi huunganisha kompyuta ya kisasa mahali pake. Mabadiliko hayo huonekana kuwa madogo: waya zikilingana, kasi ikilingana, na herufi zikitokea kwenye kioo, kazi huhesabiwa kuwa imekamilika. Makala haya yanapinga dhana hiyo. Ili kuonyesha kasoro yake, sehemu ya 2.0 inaeleza namna herufi inavyosafiri katika waya, sehemu ya 3.0 inaeleza namna mzigo wa wakati ulivyohamishwa kutoka kwenye programu kwenda kwenye maunzi, sehemu ya 4.0 inachunguza ishara ya kisomaji cha utepe, na sehemu ya 5.0 inaonyesha athari za kuiacha ishara hiyo. Katika makala haya, neno *herufi* linajumuisha pia tarakimu, alama za uandishi na alama za udhibiti.

2.0 Safari ya Herufi Moja katika Waya

Laini ya mfululizo isiyo na saa ya pamoja hutegemea mapatano yanayofanywa upya katika kila herufi. Laini ikiwa kimya huwa katika hali ya *alama*. Mtumaji anapotaka kutuma, huibadili kuwa hali ya *nafasi* kwa muda wa biti moja. Hiyo ndiyo biti ya kuanzia. Kisha hufuata biti za data, na mwishoni laini hurudi katika hali ya alama kwa muda wa biti moja au mbili za kumalizia. Mpokeaji huanza kuhesabu wakati anapoiona biti ya kuanzia, na husoma kila biti inayofuata katikati ya muda wake.

Teletype Model 33 ilitumia biti 11 kwa kila herufi: moja ya kuanzia, nane za data na mbili za kumalizia. Kwa kasi ya baudi 110, hupatikana herufi 10 kwa sekunde, yaani milisekunde 100 kwa kila herufi. Kasi hiyo ndogo ilitokana na umbile la mashine yenyewe, kwani mota, shafti na nyenzo zake ndizo zilizokuwa saa ya mfumo.

Mapatano haya huvumilia tofauti ya saa, lakini kwa kiasi. Katika herufi ya biti 10, katikati ya biti ya kumalizia huwa ni muda wa biti 9.5 tangu mwanzo wa biti ya kuanzia. Ikiwa mpokeaji hatakiwi kukosea kwa zaidi ya nusu ya biti, basi saa zote mbili kwa pamoja hazipaswi kutofautiana kwa zaidi ya 0.5 ikigawanywa kwa 9.5, yaani takriban asilimia 5. Mpokeaji anayepima laini mara 16 kwa kila biti anaweza kukosa mwanzo halisi kwa sehemu moja ya 16 ya biti. Kwa hiyo uvumilivu halisi hushuka hadi takriban asilimia 4.6.

Kuhusu umeme, kulikuwa na njia mbili kuu. Ya kwanza ni kitanzi cha mkondo cha miliampia 20, ambamo mkondo unaopita humaanisha alama na mkondo uliokatika humaanisha nafasi. Upande mmoja tu wa kitanzi hutakiwa kutoa mkondo. Pande zote mbili zikingoja kupewa mkondo, hakuna kinachopita, na zote mbili zikitoa, vifaa vinaweza kuharibika. Waya ukikatika, Teletype huiona laini kuwa katika hali ya nafasi isiyokwisha, na mtambo wake huzunguka kwa kelele bila kuchapa chochote. Njia ya pili ni kiwango cha RS-232, ambacho toleo lake la C lilitolewa mwaka 1969. Katika kiwango hicho mpokeaji hutambua alama kwa volteji iliyo chini ya volti -3, na nafasi kwa volteji iliyo juu ya volti +3.

Mambo haya matatu, yaani umeme, kasi na mpangilio wa biti, ndiyo ambayo mrejeshaji huyashughulikia kwanza. Ni ya lazima, lakini hayagusi swali la nini hutokea baada ya herufi kufika salama.

3.0 Kutoka Biti hadi Ghala: Kuhama kwa Mzigo wa Wakati

Herufi inapofika, ni lazima kitu fulani kiipokee kabla ya inayofuata kuingia. Historia ya violesura vya DEC inaweza kusomwa kama historia ya kuhamisha jukumu hilo hatua kwa hatua.

Katika hatua ya kwanza, programu ilibeba mzigo wa kila biti. Mfumo wa mawasiliano wa 680, uliojengwa juu ya PDP-8, ulihudumia laini nyingi za Teletype kwa namna hiyo. Kichakataji kilizipitia laini mara kwa mara, kikachukua hali ya kila moja, na programu ikaziunganisha biti kuwa herufi. Maunzi yalikuwa ya gharama nafuu kwa kila laini, lakini kichakataji hakikuweza kusitisha kazi hiyo hata kidogo.

Katika hatua ya pili, maunzi yalichukua mzigo wa biti na kuiachia programu mzigo wa herufi. Gordon Bell wa DEC alibuni saketi ya namna hii kwa ajili ya PDP-1. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 kazi hiyo yote iliingia katika chipu moja, inayojulikana kwa kifupi kama UART. WD1402A ya Western Digital na AY-5-1013 ya General Instrument ni mifano ya chipu hizo. Kiolesura cha DL11 cha PDP-11 kilijengwa juu ya chipu ya aina hii. Kwa mpangaji programu, DL11 ni rejista nne zinazoonekana kama anwani za kawaida za kumbukumbu. Kwa laini ya mtumiaji mkuu, anwani hizo katika msingi wa nane ni 177560 kwa hali ya upokeaji, 177562 kwa herufi iliyopokelewa, 177564 kwa hali ya utumaji, na 177566 kwa herufi ya kutumwa. Biti ya 7 ya rejista ya hali huwaka herufi inapokuwa tayari, na biti ya 6 huruhusu kifaa kukikatiza kichakataji. Uchaguzi wa biti ya 7 haukuwa wa bahati nasibu. Katika baiti, biti hiyo ndiyo ya ishara ya hasi, hivyo amri moja ya kupima baiti hutosha kujua kama herufi imefika.

UART hutunza herufi moja iliyokamilika huku ikikusanya inayofuata. Kwa hiyo programu ina muda wa takriban herufi moja kabla ya herufi ya zamani kufunikwa na mpya. Kwa baudi 110 muda huo ni mrefu. Kwa baudi 9600, ambapo herufi za biti 10 hufika 960 kwa sekunde, muda huo ni takriban milisekunde moja tu.

Hatua ya tatu ilitokana na matumizi ya pamoja ya mashine moja kwa watu wengi. Kiolesura cha DH11 kilihudumia laini 16, na cha DZ11 laini 8. Vyote viwili viliweka herufi zinazoingia katika foleni ya nafasi 64 ambayo DEC iliiita kwa neno lenye maana ya ghala la nafaka. Kila herufi iliingia ghalani pamoja na namba ya laini yake. Katika utumaji, DH11 iliweza kuchukua herufi moja kwa moja kutoka kwenye kumbukumbu, baada ya programu kuieleza anwani ya mwanzo na idadi ya herufi. DZ11 haikuwa na uwezo huo, bali iliomba kila herufi kutoka kwenye programu.

Jedwali la 1 linaonyesha muda wa juu ambao programu inaweza kuchelewa kabla herufi inayoingia haijapotea, ikiwa laini zote zinapokea kwa mfululizo. Hesabu zimefanywa kwa biti 11 kwa herufi katika baudi 110 na biti 10 katika baudi 9600.

*Jedwali la 1: Muda wa juu wa kuchelewa*

| Kiolesura | Laini | Baudi | Herufi kwa sekunde | Muda (milisekunde) |
|---|---|---|---|---|
| DL11 | 1 | 110 | 10 | 100 |
| DL11 | 1 | 9600 | 960 | 1.04 |
| DZ11 | 8 | 9600 | 7,680 | 8.3 |
| DH11 | 16 | 9600 | 15,360 | 4.2 |

Ghala halikuongeza muda peke yake, bali lilipunguza pia idadi ya ukatizaji. DZ11 iliweza kuwekwa ili ikikatize kichakataji pale tu herufi 16 zinapokuwa zimeingia. Hivyo, ukatizaji 7,680 kwa sekunde ulipungua hadi 480. Hata hivyo, katika hatua zote tatu kuna dhana moja isiyobadilika: mtumaji hutuma anapotaka, na mpokeaji ndiye anayelazimika kuwahi. Sehemu inayofuata inaonyesha kwamba dhana hiyo haikuwa ya kweli kwa kisomaji cha utepe.

4.0 Biti ya Sifuri: Kisomaji Kinachosubiri

Minikompyuta iliyowashwa ikiwa na kumbukumbu tupu mara nyingi ilipata programu yake ya kwanza kupitia swichi za mbele na utepe wa karatasi. Katika PDP-11, mtumiaji aliingiza kwa swichi programu fupi ya maneno 14. Kiini chake ni amri nne zifuatazo, ambapo rejista ya R1 hubeba anwani ya rejista ya hali ya kifaa:

    INC   @R1
    TSTB  @R1
    BPL   .-2
    MOVB  2(R1), ...

Amri ya pili na ya tatu husubiri biti ya 7 iwake, na ya nne huchukua herufi. Amri ya kwanza ndiyo inayostahili kuangaliwa kwa makini. Kuongeza moja katika rejista ya hali huwasha biti ya sifuri. Biti hiyo, katika DL11 iliyounganishwa na Teletype, hupitisha mkondo katika jozi ya waya ya pekee inayokwenda kwenye relei ya kisomaji cha utepe. Relei hukiruhusu kisomaji kusogeza utepe kwa herufi moja. Mara tu biti ya kuanzia ya herufi hiyo inapoingia, kiolesura chenyewe huizima biti ya sifuri, na kisomaji husimama hadi kitakapoombwa tena. Teletype ya kawaida haikuwa na relei hiyo. DEC iliiongeza kwa ajili ya kompyuta zake.

PDP-8 ilifuata kanuni hiyohiyo kwa njia nyingine. Amri yake ya kuchukua herufi, yenye namba 6036 katika msingi wa nane, huunganisha kazi za amri mbili, 6032 na 6034: husoma herufi iliyofika, huzima alama ya utayari, na papo hapo huagiza kisomaji kilete herufi inayofuata.

Kwa hiyo, kisomaji cha utepe kiligeuza mwelekeo wa mapatano. Badala ya programu kuukimbiza utepe, utepe uliisubiri programu. Iwapo programu ilitumia sekunde mbili kuchambua mstari mmoja, kisomaji kilikaa kimya kwa sekunde hizo mbili. Kwa mpangilio huo, kosa la herufi kufunikwa na nyingine halikuwezekana wakati wa kusoma utepe, na ndiyo maana programu za wakati huo hazikulichunguza. Amri ya MOVB iliyotajwa hapo juu ni ushahidi wa jambo hilo. Katika aina za DL11 zenye biti za makosa, biti hizo hukaa katika baiti ya juu ya rejista ya herufi, ambapo biti ya 14 huonyesha kwamba herufi imefunikwa. MOVB husoma baiti ya chini peke yake, hivyo hata taarifa ya kosa ikiwepo, programu haiioni.

5.0 Athari katika Urejeshaji

Kompyuta ya kisasa inapochukua nafasi ya Teletype kupitia RS-232, jozi ya waya ya kisomaji kwa kawaida huachwa bila kuunganishwa, kwa kuwa kiwango hicho hakina ishara inayolingana nayo moja kwa moja. Matokeo yake hutegemea programu inayopokea.

Programu fupi ya kupakia haiathiriki kwa urahisi. Mzunguko wake una amri chache, na humaliza kazi ya herufi moja kabla ya nyingine kufika, hata kwa baudi 9600. Programu kubwa zilizopakiwa baada yake zilikuwa pia na kinga ya ziada: kila fungu la data kwenye utepe lilimalizika kwa baiti ya jumla ya ukaguzi, na jumla isipolingana mashine husimama. Mrejeshaji anayeona hatua hizi mbili zikifaulu huamini kwamba laini ni nzima.

Tatizo hujitokeza katika hatua inayofuata, pale msimbo asilia ulioandikwa kwa herufi za kawaida unaposomwa na mhariri wa maandishi au programu ya kutafsiri msimbo. Utepe wa namna hii hauna jumla ya ukaguzi. Programu husoma mstari, husimama kuushughulikia, kisha huomba herufi inayofuata. Kompyuta ya kisasa isiyosikia ombi hilo huendelea kutuma. Herufi za mwanzo wa mstari unaofuata hufunikana ndani ya UART, na inayobaki ni ya mwisho tu. Mstari uliopoteza herufi ukileta kosa la kisarufi, tatizo hubainika. Lakini namba 1000 iliyosomwa kama 100 ni namba halali, na hakuna sehemu ya mfumo itakayolalamika. Iwapo nakala iliyopatikana ndiyo inayohifadhiwa kama kielelezo cha programu ya asili, hasara hiyo huwa ya kudumu.

Tiba tatu hutumika. Ya kwanza ni kupunguza kasi au kuweka ucheleweshaji baada ya kila mstari. Hii ni njia rahisi, lakini ni ya kukisia, kwani muda wa kuchambua mstari hutegemea yaliyomo katika mstari huo. Ya pili ni alama za udhibiti za kusimamisha na kuendeleza utumaji, ambazo terminali kama VT100 zilizitegemea. Hizi hufaa pale tu programu ya minikompyuta inapozituma, na programu za utepe zilizotegemea biti ya sifuri hazikuwa na sababu ya kufanya hivyo. Ya tatu ni kuirejesha ishara ya kisomaji yenyewe, kwa kuigeuza kwa saketi ndogo kutoka mkondo wa miliampia 20 kuwa ishara ya RS-232 inayompa mtumaji ruhusa ya kutuma.

Tiba ya tatu ndiyo inayolingana na mapatano ya asili, lakini nayo ina mtego. Chipu za mfululizo za kompyuta za baadaye, kama vile 16550A, zina foleni ya kutuma ya baiti 16. Programu ya kompyuta hiyo ikishajaza foleni, herufi zote zilizomo huweza kutoka hata baada ya ruhusa kuondolewa, ikiwa ukaguzi wa ruhusa hufanywa na programu na si na chipu. Ilhali DL11 huomba herufi moja tu. Hivyo basi, mtumaji hana budi kuwekwa katika hali ya kutoa herufi moja kwa kila ombi, ama kwa kuzima foleni hiyo au kwa kuweka kati kidhibiti kidogo kinachohesabu maombi. Foleni iliyobuniwa kuokoa wakati katika DH11 na DZ11 huwa chanzo cha hasara inapowekwa upande usiostahili wa waya.

Suala hili linahusu pia programu za kuiga mashine. SIMH, iliyoanzishwa na Bob Supnik mwaka 1993, huiga rejista za vifaa hivi, na kwa kawaida hupima muda wa kifaa kwa idadi ya amri zilizotekelezwa badala ya sekunde halisi. Uamuzi huo unafaa kwa kuendesha programu. Hata hivyo, programu iliyofanya kazi bila kosa ndani ya mashine iliyoigwa haijathibitisha kwamba kiolesura halisi, kilichounganishwa na kifaa halisi, kimesetiwa kwa usahihi.

6.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba kiolesura cha laini ya mfululizo kina tabaka mbili za mapatano. La kwanza linahusu umeme, kasi na mpangilio wa biti, na kosa ndani yake huonekana mara moja kwa sababu herufi hutoka zikiwa zimeharibika au hazitoki kabisa. La pili linahusu nani anayemsubiri nani, na kosa ndani yake hujificha. Katika mfumo wa 680 programu ilisubiri kila biti. Katika DL11 ilisubiri kila herufi. Katika DH11 na DZ11 ghala lilisubiri kwa niaba yake. Na katika usomaji wa utepe, kifaa cha nje ndicho kilichosubiri.

Kutokana na hayo, inapendekezwa kwamba taarifa ya urejeshaji wa mashine yoyote ya kundi hili ieleze bayana iwapo ishara ya kisomaji imeunganishwa, na kwa njia gani. Aidha, nakala ya msimbo asilia iliyosomwa kupitia laini isiyo na ishara hiyo isichukuliwe kuwa sahihi hadi isomwe angalau mara mbili kwa kasi tofauti na matokeo yalinganishwe baiti kwa baiti. Nakala zikitofautiana, kosa limebainika. Zikilingana, mtafiti atakuwa na msingi wa kuiamini nakala, msingi ambao mafanikio ya hatua ya kupakia peke yake hayawezi kuutoa.